Mwongozo kamili: jinsi ya kulipima angahewa mwenyewe kwa simu, stilwaya, chokaa ya tambuu na redio ya zamani

Wengi wetu angahewa tulilikariri shuleni, troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, naitrojeni 78, oksijeni 21, ukafanya mtihani na majina yakaishia hapo hapo. Ukiniuliza mimi tatizo kubwa wala sio kukariri, tatizo ni kwamba namba nyingi za vitabuni ni wastani wa nchi za kaskazini huko kwenye baridi, wakati sisi tunaishi chini ya jua la ikweta ambako angahewa lina tabia zake kabisa: paa lake liko juu zaidi, presha yake inapanda na kushuka kwa saa zinazojulikana kila siku, ozoni yake nyembamba zaidi na mvuke umejaa tele. Ukitaka kulielewa la kwetu inabidi ulipime la kwetu.

Na kulipima hakuhitaji maabara. Tafuta simu yenye barometa, thamometa ya maabara (ile ndefu ya kioo inayosoma mpaka 100 na kitu, sio ya homa), stilwaya ya kusugulia sufuria, siki, chokaa ya tambuu, kopo la bati linalong'aa, barafu kidogo, na redio yoyote ya zamani yenye bendi ya AM. Daftari pia, maana namba isiyoandikwa kesho utaibishia mwenyewe.

Hatua ya 1: pima uzito wa hewa

Kwanza jua simu yako ina barometa au haina. Simu nyingi za bei poa hazina, zilizo juu juu kidogo mara nyingi zinayo, iPhone zilianza kuwa nayo kwenye ile ya 6 mwaka 2014. Njia rahisi ni kupakua phyphox, aplikesheni ya bure iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, ukiifungua inakuonesha sensa zote za simu, ya presha ikiwa imefifia ujue huna, azima ya mwenzako.

Halafu kuna mtego mmoja hapa unawakamata wengi. Ile presha unayoiona kwenye programu ya hali ya hewa sio presha ya pale ulipo, wameshaisahihisha ionekane kana kwamba wote mko usawa wa bahari, ndo maana mtu wa Nairobi anaona 1018 wakati barometa halisi mkononi inamsomea kama 830 hivi. Hapa tunataka ile ghafi, ya sensa yenyewe.

Kipimo ni hektopaskali, kifupi hPa. Wastani wa dunia usawa wa bahari ni hPa 1013.25, na maana yake ni kwamba juu ya kila mita moja ya mraba imekaa hewa ya tani 10 na ushee, kuanzia kichwani kwako mpaka inapoishia. Hatupondeki kwa sababu presha inasukuma pande zote, nje ya mwili na ndani pia. Na kama bado unaona hewa ni kitu kisicho na uzito, chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.8, hewa iliyomo humo ina kilo 40 hivi, sawa na mfuko mzima wa saruji ukiupunguza kidogo.

Sasa panda ngazi. Tafuta jengo la ghorofa, soma presha chini, panda ghorofa moja, subiri namba itulie, soma tena. Kwa Dar, Tanga au Mombasa kila mita 8 na nusu hivi unazopanda zinapunguza hPa 1, kwa hiyo ghorofa moja ya mita 3 inapunguza kama 0.35, na sensa ya simu inaiona hiyo vizuri kabisa. Ni jaribio lile lile ambalo Florin Périer alilifanya tarehe 19 Septemba 1648 alipopanda mlima Puy de Dôme Ufaransa na mrija wa zebaki kwa maelekezo ya shemeji yake Blaise Pascal, zebaki ikashuka jinsi alivyopanda, na hapo ndipo ikathibitika kuwa hewa ina uzito na inapungua kadiri unavyoenda juu. Yeye alihitaji mlima, wewe ghorofa mbili tatu zinatosha.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hatua hii ni hiki kinachofuata, na kitabu cha sekondari sikumbuki kama kinakigusa. Weka simu mezani, usiihamishe, andika presha kila baada ya saa moja kuanzia asubuhi mpaka usiku, ukiweza na alfajiri pia. Utaona inapanda mpaka kilele kwenye saa nne asubuhi, inaanza kushuka, inafika chini kabisa saa kumi jioni, inapanda tena mpaka saa nne usiku, halafu inashuka mpaka saa kumi alfajiri. Tofauti ya juu na chini ni kama hPa 3. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, iwe masika iwe kiangazi.

Hayo ni maji kujaa na kupwa, ila ya hewa, na tofauti na ya bahari ambayo mvutaji mkubwa ni mwezi, haya yanaendeshwa na joto la jua. Mvuke ulioko chini na ozoni iliyoko makumi kadhaa ya kilomita juu ya hapo ulipo vinafyonza mionzi ya jua, hewa inapata joto inatanuka, na mawimbi yanayotokea yanaizunguka dunia yote yakifuatana na jua, mara mbili kwa siku. Yaani simu iliyolala mezani kwako Kariakoo inasoma kazi ya ozoni. Kule London jambo hili lipo ila limefunikwa, maana mifumo ya dhoruba inapita na kuhamisha presha hPa 20 au 30 ndani ya siku mbili, sasa hPa moja ya hapa na pale utaionea wapi. Kwetu presha ya hali ya hewa karibu haitembei, kwa hiyo linaonekana peupe.

Angalizo dogo tu, usiiache simu kwenye jua, sensa ikipata joto inadanganya.

Hatua ya 2: safiri nayo

Kila msafiri wa mikoani ameshaliona hili bila kulitilia maanani, pakiti ya krispi uliyonunua Dar ikifika Mbeya imevimba inataka kupasuka. Hewa iliyofungiwa ndani ina presha ya Dar, hewa ya nje ya Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, imeshuka mpaka kwenye 830. Fanya kinyume chake sasa: ukiwa Mbeya kunywa maji yaishe, ikaushe chupa ya plastiki, ifunge vizuri na hewa yake ya Mbeya, ukishuka nayo mpaka Dar utaikuta imebonyea. Usiitupe. Izamishe mdomo chini kwenye ndoo ya maji halafu fungua kifuniko humo humo majini, maji yataingia yenyewe kujaza ile nafasi iliyopungua, funga, toa, pima maji yaliyoingia. Yanakuwa kati ya sehemu ya tano na ya sita ya chupa, na hesabu inakubali: 830 gawa kwa 1012 ni 0.82, hiyo ni hewa iliyobaki, na 0.18 iliyopungua ndiyo maji yaliyoingia.

Njia nyingine ni sufuria. Maji yanachemka digrii 100 usawa wa bahari tu, ukipanda kila mita 300 hivi inapungua digrii moja, kwa hiyo Nairobi ni kama 94, Njombe 93, na pale kibanda cha Kibo mlimani Kilimanjaro, mita 4,700 na kitu, ni kama 84 au 85. Ndo maana maharage ya nyanda za juu yanakula mkaa hivyo, maji yanatokota kweli lakini hayana joto la kutosha, na presha kuka kule ni lazima. Ukiwa na thamometa nzuri unaweza kukadiria mwinuko wa kijiji chako kwa kuchemsha maji, toa usomaji wako kwenye 100 uzidishe kwa 300.

Kuhusu Kilimanjaro, utasikia watu wakisema kule juu hakuna oksijeni. Ipo, na asilimia yake ni ile ile ya Bagamoyo. Kilichopungua ni presha nzima: Uhuru, mita 5,895, unabaki na nusu hivi ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni uliyoizoea. Joto nalo linashuka kama digrii 6.5 kwa kila kilomita, chukua digrii 30 za Dar, toa 38, unapata chini ya sifuri digrii 8, na kweli wastani wa kileleni uko kwenye 7 huko chini ya sifuri. Hesabu ya kwenye bahasha imekaribia kiasi hicho.

Hatua ya 3: hewa imechanganywa na nini

*Oksijeni.* Sahau lile jaribio la mshumaa, linafundishwa mpaka leo na linadanganya. Wanafunika mshumaa kwa glasi juu ya sahani ya maji, mshumaa unazimika, maji yanapanda, mwalimu anasema oksijeni imeisha ona asilimia 21 hiyo. Haijaisha. Mshumaa unazimika oksijeni ikiwa bado iko kwenye 16 au 17, na maji yanapanda kwa kuwa hewa iliyotanuka kwa moto imepoa, angalia vizuri utaona mapovu yanatoka pembeni mwanzoni na maji yanapanda kwa kasi pale tu mwali unapokufa.

Jaribio la haki ni la kutu. Chukua stilwaya ya chuma cha kawaida, ile inayoshika kutu ukiisahau kwenye sinki, ile ya njano au inayong'aa milele haifai. Iloweke kwenye siki dakika mbili ili mafuta yake yatoke, ikamue, isukume mpaka ndani kabisa ya glasi nyembamba iliyonyooka (tesityubu ikipatikana ndo bora zaidi), uigeuze juu chini kwenye bakuli la maji, weka alama maji yalipoishia. Iache mpaka kesho, na keshokutwa kama bado yanapanda. Chuma kinakula oksijeni taratibu na maji yanachukua nafasi yake. Kabla ya kusoma ishushe glasi au iinue mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, bila hivyo unasoma presha tofauti, na pima muda ule ule wa siku ulioanzia ili joto lisikuharibie. Utapata kama sehemu moja ya tano. Kilichobaki juu ya glasi ni karibu naitrojeni tupu.

*Karibu*, maana humo kuna gesi ya agoni. Hii huwezi kuipima nyumbani na historia yake inaonesha kwa nini. Henry Cavendish mwaka 1785 aliondoa oksijeni na naitrojeni kwa cheche za umeme akabaki na kiputo kidogo, kama 1/120 ya alichoanza nacho, akakiandika akaendelea na mambo yake. Ikapita zaidi ya miaka 100. Mwaka 1894 mwanafizikia Mwingereza Rayleigh akawa anapima uzito wa naitrojeni, lita ya iliyotolewa kwenye hewa ilikuwa na gramu 1.257, iliyotengenezwa kwa kemikali 1.250, tofauti ambayo mtu mvivu angesema ni mizani, yeye na William Ramsay wakaifuata mpaka wakakuta gesi mpya kabisa isiyoungana na kitu. Iko asilimia 0.93 ya hewa. Karibu yote imetoka kwenye miamba, potasiamu-40 inaoza taratibu na kutoa agoni-40, nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 1.25. Kuoza huko huko ndiko kulikotumika mwaka 1961 kupima majivu ya volkano ya Olduvai na kupata miaka milioni 1.75, watu walikuwa hawategemei umri mkubwa kiasi hicho.

*Kaboni dayoksaidi.* Chukua chokaa ya tambuu kijiko kimoja, koroga kwenye chupa ya maji, iache ituame usiku kucha, mimina maji ya juu yaliyo safi bila kutibua. Hayo ni maji ya chokaa. Puliza ndani yake taratibu kwa mrija, yatageuka meupe kama maziwa, maana pumzi yako ina kaboni dayoksaidi asilimia 4 hivi. Puliza tu, usivute, na yakiruka jichoni osha kwa maji mengi hapo hapo, chokaa inaunguza. Sehemu ya pili ndo inanifurahisha: mimina mengine kwenye sahani pana uyaache wazi mpaka asubuhi, juu yatakuwa na utando mwembamba mweupe unaovunjika ukiugusa. Hiyo imetokana na gesi ya hewani tu, hewa ya chumba cha kawaida, na hiyo gesi iko kama sehemu 420 na kitu kwa kila milioni. Mwanasayansi Mmarekani Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa 315 hivi, kabla ya viwanda 280. Kwetu huku kuna kituo cha kuipima kwenye mlima Kenya, mita 3,678, kimefunguliwa 1999.

*Mvuke.* Jaza nusu ya kopo la bati kwa maji ya kawaida, weka thamometa, ongeza vipande vidogo vya barafu huku unakoroga, na uangalie ule mng'ao wa bati kwa nje. Ukianza kufifia, yaani kopo limeanza kutoa jasho, soma joto haraka. Hicho ni kiwango cha umande. Usilipulizie pumzi, utaharibu. Dar siku ya joto utapata kama 24, na 24 maana yake mvuke ni karibu asilimia 3 ya hewa yote unayovuta. Rudi sasa kwenye kitabu: naitrojeni, oksijeni, halafu agoni namba tatu. Hiyo ni hewa kavu, na hewa kavu pwani hakuna, namba tatu kwetu ni mvuke na unaizidi agoni mara tatu.

Hiyo hiyo namba inakupa urefu wa mawingu. Toa kiwango cha umande kwenye joto la hewa, zidisha kwa 125, unapata mita mpaka kwenye tako la mawingu yale mafungu mafungu ya mchana. Dar, 31 toa 24 ni 7, mara 125, mita 875. Mtu wa Moshi ana bahati anaweza kuhakiki kwa macho, hewa 28, umande 18, inakuja mita 1,250 juu ya mji, ukijumlisha na mwinuko wa Moshi unaangukia kwenye mita 2,100 hivi, katikati ya mkanda wa msitu, na ndiko mawingu yanakokaa siku nyingi na ndo sababu msitu uko pale.

Hatua ya 4: ilitoka wapi, kaitafute kwenye mawe

Dunia ina miaka bilioni 4.5 na hewa yake ya mwanzo, hidrojeni na heli, ilipotelea angani kwa kuwa ni nyepesi mno. Hii iliyofuata ilitapikwa na volkano, mvuke, kaboni dayoksaidi, naitrojeni, salfa, oksijeni hakuna. Volkano hazijaacha kazi hiyo, Oldoinyo Lengai inatoa kaboni dayoksaidi mpaka leo, Nyiragongo nayo, na watu wa Goma na Sake wanaijua kwa uchungu zaidi yetu sote maana inachuja ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, wanayaita mazuku. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, usiku usio na upepo inajaa shimoni kimya kimya bila rangi, asubuhi unakuta mbuzi wamekufa na wakati mwingine watu. Hii usiende kuipima.

Cha kupima ni hiki: okota kipande cha jiwe la matumbawe, lile walilojengea Mji Mkongwe na Lamu, au ganda la kombe, lidondoshee siki. Linatoa povu. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi iliyowahi kuwa hewani, ikayeyuka baharini, viumbe wakaijengea miili yao. Sehemu kubwa kabisa ya hewa ya kale imelala humo, kwenye mawe ya chokaa, na sayari ya Zuhura ambayo haina bahari ya kufanya kazi hiyo ina kaboni dayoksaidi asilimia 96, presha mara 92 ya kwetu na joto la digrii 460 na kitu. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa kwenye tanuri, kilo 44 zinapaa na unabaki na 56. Ukuta ukishapakwa chokaa unaanza kuirudisha kidogo kidogo kutoka hewani, na hivyo ndivyo unavyokomaa, ule utando wa kwenye sahani yako ni kitu hicho hicho.

Mvuke ukawa bahari, kaboni ikawa mawe, naitrojeni ikabaki kwa sababu haipendi kuungana na mtu. Ukitaka kumwona anayeiweza ng'oa mche wa kunde wenye maua, osha mizizi, tumbua kinundu kimoja kwa ukucha, kikiwa na rangi ya waridi ndani bakteria wako kazini wanaifunga naitrojeni ya hewani, kikiwa cheupe au kijani wamelala.

Oksijeni imeletwa na viumbe, sayanobakteria, wadogo hawaonekani bila hadubini, ndugu zao leo ndio chakula cha heroe wa Natron na Bogoria na ndo wanaowapa ule wekundu. Walianza kuitoa zamani sana ila haikujaa hewani mpaka miaka bilioni 2.4 iliyopita hivi. Katikati hapo ilikuwa ikiliwa, bahari zilikuwa zimejaa chuma kilichoyeyuka, kila oksijeni inayotoka inaishia kwenye kutu na kuzama, na migodi mikubwa ya chuma ya dunia leo ni kutu hiyo. Ulifanya jambo lile lile kwenye glasi na stilwaya.

Hatua ya 5: matabaka

Troposfia ndiyo tunayoishi na karibu mvuke wote na mvua zote ziko humo. Vitabu vinasema inaishia kilomita 11. Kwa Ulaya sawa, kwetu ni 16 mpaka 17, kwa sababu ardhi ya joto inasukuma hewa juu kwa nguvu zaidi.

Mwisho wake unauona kwa macho. Simama ufukweni Mwanza au Kisumu mchana wa masika, tazama wingu la radi la mbali, si lile lililo juu yako. Linapanda limejaa mabonge kama koliflawa halafu ghafla linagonga kitu na kutambaa pembeni, kichwa kinakuwa bapa kama fuawe la mhunzi. Hapo ni tropopozi. Juu ya hapo joto linaanza kuongezeka badala ya kupungua, hewa ya chini haiwezi tena kupanda.

Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alitangaza tabaka hilo la pili, stratosfia, mwaka 1902 kwa maputo yake. Miaka sita baadaye, 1908, Mjerumani Arthur Berson akaja huku Afrika Mashariki, akarusha maputo ya vipimo kwenye Ziwa Victoria, akakuta jambo la kushangaza, hapa kwenye joto chini ndiko baridi ya juu ni kali zaidi, chini ya sifuri digrii 80 na zaidi, kuliko juu ya Ulaya. Ukifikiria inaeleweka, joto linashuka kila kilomita na kwetu kilomita ni nyingi zaidi kabla hujafika mwisho. Akakuta pia upepo wa juu kule unatoka magharibi, wakati vumbi la volkano ya Krakatau, Indonesia, la 1883 lilionesha unatoka mashariki, wataalamu wakabishana miaka, mpaka karibu na 1960 ikajulikana kwamba wote wako sahihi, upepo wa stratosfia ya ikweta unageuka, ukizunguka mzunguko mzima kwa miezi 28 hivi.

Ukipanda ndege fungua skrini ya safari uandike urefu na joto la nje kila baada ya dakika tano ndege inapopaa. Kitabu kinakwambia kilomita 11 ni chini ya sifuri 56, juu ya Tanzania utasoma kitu kama chini ya sifuri 40 na kidogo, maana ndege bado iko ndani ya troposfia. Ndo maana marubani wa ikweta wanakwepa mawingu ya radi kwa pembeni, kuyapita kwa juu haiwezekani. Na barometa ya simu iangalie pia, ndani ya ndege haitashuka chini sana ya 750, wanaijaza hewa.

Ozoni iko kwenye stratosfia, kilomita 15 mpaka 35 hivi. Ukiikusanya yote ukaileta chini kwenye presha ya kawaida ni milimita 3 tu, na ya ikweta haifiki hizo 3. Nairobi wanarusha puto la kuipima kila wiki tangu 1996. Lile tundu la Antaktika lilitangazwa 1985, mkataba wa Montreal ukasainiwa 1987 na gesi za mafriji zinazoila ozoni zikabanwa.

Mesosfia, kilomita 50 mpaka 85, sina jaribio la maana la kukupa zaidi ya kulala chali nje usiku wa katikati ya Desemba mbali na taa za mji, uone vimondo vya Geminid vikiungua huko na juu yake kidogo.

Ila juu zaidi panapimika, kwa redio. Weka bendi ya AM, saa saba mchana pitisha sindano taratibu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, andika vituo vyote vinavyosikika. Rudia saa tatu usiku, mahali pale pale, redio ikiangalia upande ule ule. Usiku vitakuja vya mbali ambavyo mchana havikuwepo kabisa, lugha usizozijua, vikipanda na kufifia. Mchana jua linavunja molekuli na kuacha umeme kwenye kilomita 60 mpaka 90, tabaka hilo linayameza mawimbi ya AM yanayopanda, jua likizama linafutika ndani ya muda mfupi na mawimbi yanafika juu zaidi, kilomita 100 na kuendelea, ambako yanaakisiwa kurudi ardhini mbali sana na mnara. Kaa na redio kuanzia magharibi utasikia likifutika. Zima taa za LED na chaja za simu zilizo karibu, zinaleta mikwaruzo.

Huko juu hewa haijaisha. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lao baharini karibu na Malindi, kazi yake kubwa ilikuwa kupima jinsi hewa nyembamba ya juu ya ikweta inavyoikwaruza setilaiti, na kutoka jukwaa hilo hilo ikarushwa ya Marekani tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kile kituo cha anga cha kimataifa unachokiona kikipita kama nyota isiyowaka-waka muda mfupi baada ya magharibi kiko kilomita 400 na bado kinabishana na hewa, kinashuka kama kilomita 2 kwa mwezi, na kila baada ya muda inabidi wawashe injini wakisukume juu tena.